Naanza na Maswali ya Wateja

Kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha tovuti za biashara ndogo. Ofisi ni chumba kimoja hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo. Wanaoniletea kazi ni watu wa kawaida: mama anayekaanga nyirinyiri, mwenye lojingi ya wasafiri wa Moyale, muuzaji wa matangi ya maji, kijana anayekodisha magari ya kwenda mbugani. Wengi wao huja wakiwa na tovuti tayari. Wamelipa pesa nzuri, ukurasa wa kwanza una picha ya mikono miwili ya Wazungu ikisalimiana, chini yake kuna dira, dhamira na maadili, na tangu iwekwe hewani haijawaletea hata mteja mmoja. Wanauliza mbona.

Huwa siwajibu kwa maneno ya kompyuta. Nawaambia: tovuti hii inakuzungumzia wewe, na mtu aliyeifungua hakuja kukujua wewe. Amekuja na swali. Asipoliona jibu mbele ya macho yake ataondoka, na wewe hutajua kwamba alipita.

Kwa hiyo kazi yangu haianzii kwenye kompyuta. Inaanzia kwenye simu ya mwenye biashara. Tunakaa pamoja, anafungua WhatsApp, ananisomea maswali ambayo wateja wamemuuliza karibuni. Anasoma yeye, naandika mimi. Sitaki kuona majina wala nambari za watu. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na hata isingekuwepo, mazungumzo ya mama na wateja wake si yangu. Kisha naomba kukaa dukani kwake nisikilize simu zinazopigwa, kwa sababu kwenye simu watu huuliza mambo ambayo hawayaandiki: "Bado mko pale pale?" "Ni nyinyi wale wa zamani?" "Nikija Ijumaa mchana nitakuta mtu?"

Nikitoka hapo karatasi yangu imejaa maswali yanayojirudia, nami nayapanga kwa wingi wake. Lililoulizwa kuliko yote linajibiwa juu kabisa ya ukurasa, na lililofuata linajibiwa chini yake. Hiyo ndiyo ramani yote. Kuna mafundi wa Nairobi ambao hucheka wakisikia hivyo. Wao huanza na rangi.

Nieleze kwa mfano wa nyirinyiri, maana ndiyo biashara iliyonifundisha mengi. Asiyeijua, ni nyama ya ngamia au ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakatwakatwa tena vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake, aghalabu na iliki. Huu ni ufundi wa wafugaji wasio na friji, na nyama hiyo hukaa miezi bila kuoza. Mama niliyemtengenezea tovuti anauza kwa wasafiri, kwa wanafunzi wanaorudi shule za bweni, na zaidi kwa watu wa Eastleigh, Nairobi. Tovuti yake ya kwanza ilianza na aya ndefu ya Kiingereza kuhusu mwaka biashara ilipoanzishwa na jinsi inavyothamini ubora. Bei haikuwepo. Nambari ya simu ilikuwa ndani ya picha, kwa hiyo ukiigusa haipigi, na huwezi kuinakili. Ilibidi mtu atafute kalamu.

Maswali ya wateja wake yalikuwa haya, kwa mpangilio huu. Kilo ni pesa ngapi? Ni ya ngamia au ng'ombe? Mnatuma Eastleigh, na inafika saa ngapi? Inakaa muda gani ikifunguliwa? Nalipa kabla au baada? Katika yote niliyoyaandika, hakuna aliyeuliza biashara ilianzishwa mwaka gani.

Tulibishana sana kuhusu bei. "Kijana wangu," aliniambia, "nikiandika bei, jirani atashusha shilingi ishirini kesho asubuhi." Ni hofu ya kila mfanyabiashara hapa, nami siidharau. Lakini nilimuuliza, "Mama, jirani yako hajui bei yako sasa hivi?" Alicheka. Jirani anaijua, maana humtuma mtoto kuuliza. Asiyeijua ni yule mtu wa Eastleigh anayelinganisha wauzaji usiku akiwa kitandani, asiyetaka kumpigia mtu asiyemjua ili tu aulize bei. Yule anapokuta "piga simu kwa bei" anapita. Tena anashuku: kwetu, bei isiyoandikwa mara nyingi ni bei inayopangwa baada ya kukusikia unavyozungumza.

Hata hivyo alikuwa na hoja moja nzito. Bei ya nyama Isiolo haitulii. Ukame ukishika, mifugo hukonda na bei za sokoni hubadilika. Mvua ikinyesha zinabadilika tena. Bei iliyoandikwa Januari inaweza kuwa uongo ifikapo Machi, na tovuti yenye bei ya uongo ni mbaya kuliko isiyo na bei. Tuliafikiana hivi: bei inaandikwa pamoja na tarehe, "bei ya leo" na siku yake, na inabadilishwa mahali pamoja tu, kutoka kwenye simu yake mwenyewe, bila kunitafuta mimi. Nilimkalisha akaibadilisha mbele yangu mpaka akazoea. Naona hapa ndipo tovuti nyingi ndogo hufa. Fundi huijenga kwa namna ambayo kila koma inamhitaji yeye, mwenye duka anaogopa gharama, na baada ya mwaka ukurasa bado unawatakia watu Idi ya mwaka jana.

Swali la usafirishaji lilikuwa rahisi kulijibu kwa sababu njia ipo tayari. Akina mama wa ushirika wa Anolei, hapa Isiolo, wamekuwa wakipeleka maziwa ya ngamia Eastleigh kwa mabasi kwa miaka mingi, na nyama hufuata barabara hiyo hiyo. Tuliandika basi linaondoka saa ngapi, mzigo unachukuliwa wapi Nairobi, na nani analipa nauli ya mzigo. Sentensi tatu tu, lakini zilimwondolea simu nyingi za jioni.

Kulikuwa pia na maswali ambayo jibu lake ni hapana. Jamaa walioko Minneapolis na London waliandika wakitaka watumiwe. Marekani na Uingereza zinazuia nyama ya aina hii kuingizwa kwa mizigo ya watu binafsi, na mama alikuwa akitumia muda mrefu kumweleza kila mmoja. Sasa ukurasa unasema wazi: hatutumi nje ya Kenya, lakini ukiwa nje unaweza kulipa hapa tukampelekea mzazi wako Nairobi au Marsabit. Kile kipande cha pili hakikutoka kichwani mwangu. Kilitoka kwa mteja mmoja aliyeuliza kama inawezekana.

Halafu kuna suala la watu wanavyoandika wanapotafuta. Mmoja anaandika nyirinyiri, mwingine nyiri nyiri, Msomali anaandika otkac au oodkac, Mborana anaiita koche. Google hujitahidi kubahatisha, lakini si jini. Neno likikosekana kabisa kwenye ukurasa, usishangae usipoonekana. Tuliyaweka yote ndani ya sentensi moja ya kawaida. Na kichwa cha ukurasa, yale maneno ambayo Google huyaonyesha kwa rangi ya samawati, kilikuwa kimeandikwa "Home". Kuna kurasa nyingi mno duniani zenye kichwa hicho. Tukakibadilisha kikawa "Nyirinyiri ya ngamia na ng'ombe, Bulla Pesa, Isiolo". Ni kazi ya dakika chache, na kama ningeruhusiwa kufanya jambo moja tu kwenye tovuti ya mtu, ningefanya hilo.

Lugha? Wateja wengi hapa wanazungumza Kiborana, Kisomali, Kimeru au Kiturkana nyumbani, lakini wakishika simu kutafuta kitu huandika Kiswahili, au Kiingereza cha mkato. Kwa hiyo duka linalouza ndani ya nchi naliandikia Kiswahili chepesi. Yule kijana wa magari ya mbugani nilimwandikia Kiingereza, maana wageni wake wanatumia Kiingereza. Maswali yao yalikuwa mengine kabisa: bei ni pamoja na dereva na mafuta? Kiingilio cha mbuga kimo? Samburu na Buffalo Springs ni mbuga moja? Si moja. Mto Ewaso Nyiro ndio unaozitenganisha. Buffalo Springs na Shaba ziko chini ya Kaunti ya Isiolo, na Samburu iko chini ya kaunti yake yenyewe. Mgeni asiyejua hilo hudhani dereva anamwibia linapokuja suala la kiingilio. Aya moja ya kuyaeleza hayo, yenye kiingilio kilichotengwa na bei ya gari, ilifanya kazi kuliko picha zote za simba alizokuwa nazo.

Na hizo picha ni kesi ya peke yake. Picha moja inayotoka kwenye kamera ya simu ya siku hizi huwa na megabaiti tatu, nne, hata tano. Mtu akiweka kumi kama zilivyo kwenye ukurasa wa kwanza, anamwomba mteja atumie bando lake la siku kuangalia simba. Mimi nina simu tatu mezani za bei tofauti, na ya bei ya chini kabisa ndiyo hakimu. Nazima waifai, natia bando la shilingi chache, nafungua tovuti huku natembea kuelekea mahali mtandao unapopungua nguvu. Ukurasa ukikaa mweupe nikiwa nimeshaanza kufikiria mambo mengine, mteja naye ameshaondoka. Google yenyewe imeweka kipimo kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye skrini ya kwanza kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Kwa simu ya bei ndogo, ukitoka mjini kuelekea Garbatulla au Merti, kufikia hapo ni kazi, lakini inawezekana ukiwa mkali: picha zipunguzwe ziwe kilobaiti mia moja na kitu, zihifadhiwe kwa muundo mwepesi kama WebP, video isijicheze yenyewe, na zile picha zinazopishana juu ya ukurasa ziondolewe kabisa. Hizo za kupishana sijaona mteja hata mmoja akizisubiri. Ni za kumfurahisha mwenye kulipia.

Tena si suala la huruma tu. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba itazipima tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu, na mwaka 2023 ikasema imekamilisha kuhamia huko. Tovuti iliyojengwa ikapendeza kwenye kompyuta ya fundi, kisha ikajikunja vibaya kwenye simu, inahukumiwa kwa hiyo sura yake ya simu. Na hata mtandao wa taifa zima hutetereka: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikaenda polepole. Siku hizo tovuti nyepesi zilikuwa zinafunguka. Nzito zilikuwa zinazunguka tu.

Baada ya bei, swali linaloulizwa sana Isiolo ni "mko wapi?" Bulla Pesa haina majina ya barabara ambayo mgeni anaweza kuyafuata. Maelekezo yetu ni ya msikiti, mti, transfoma ya stima, na duka lililokuwa la fulani kabla hajahama. Kwa mwenyeji yanatosha. Kwa dereva wa lori aliyeingia saa nne usiku akitokea Moyale, "karibu na msikiti" ni fumbo, maana misikiti ni mingi. Mwenye lojingi aliyeniita alikuwa na alama ya ramani iliyomwelekeza mteja katikati ya mji, mbali na mlango wake. Wateja walikuwa wanafika pale, wanapiga simu, na usiku simu isiposhikwa wanalala kwingine.

Kuna dawa, tena ya bure. Mwenye biashara anafungua wasifu wa biashara yake kwenye Google, anaweka alama mlangoni pake hasa, saa za kazi, simu na picha ya jengo lilivyo kwa barabarani. Zamani kuthibitisha kulihitaji barua ya posta yenye namba ya siri, na kwa mtu asiye na anwani ya posta hapo ndipo safari ilipokomea. Siku hizi mara nyingi wanaomba video: onyesha barabara, kibao, na wewe ukifungua mlango kwa ufunguo wako. Mahali pasipo na anwani, ramani ya Google pia hutoa Plus Code, herufi na tarakimu chache zinazotaja kipande kidogo cha ardhi. Mimi huziandika kwenye tovuti chini ya maelekezo ya msikiti na mti. Yote mawili yakae pamoja, kwa sababu mwenye bodaboda bado anataka mti.

Saa za kazi watu huziandika mara moja wakasahau. Hapa saa hubadilika. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hazipiki mchana na soko huchangamka usiku. Ukiandika "wazi saa mbili hadi saa kumi na mbili" kwa mwaka mzima, umedanganya wateja kwa mwezi mzima. Wasifu wa Google una sehemu ya saa maalumu, itumieni. Mwenye lojingi yeye aliongeza vitu viwili vilivyotoka kwenye simu zake: kuna uwanja wa kuegesha lori wenye mlinzi, na mapokezi yako wazi usiku kucha. Kwenye tovuti ya kwanza hayo hayakuwemo. Kulikuwa na maelezo ya mapazia.

Hapa nitoe onyo kuhusu vitu vya bure. Google ilikuwa inawapa wafanyabiashara tovuti ndogo bila malipo, zikitokana na wasifu huo huo. Machi 2024 ilizifunga zote. Waliokuwa wamechapisha anwani ile kwenye kadi na kwenye milango ya magari walibaki na anwani isiyokwenda popote. Na mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika pamoja kwa saa kama sita. Sisemi mtu aache Facebook au TikTok. Wateja wako huko, na mama wa nyirinyiri huuza vizuri kwa video fupi ya sufuria inayochemka. Nasema awe na mahali pamoja ambapo ni pake, ambapo bei, simu na njia ya kufika havimtegemei tajiri wa California.

Lakini je, ni pake kweli? Hili linaniuma. Mteja wangu mmoja alikuja akitaka tu kubadilisha nambari ya simu. Jina la tovuti yake, lile la .co.ke, lilikuwa limesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi aliyemjengea. Fundi alikuwa amehama, simu haipatikani, na muda wa jina ulikuwa unakwisha. Majina yote yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KENIC na kuuzwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa, na jina hulipiwa kila mwaka. Aliyeandikwa kwenye usajili ndiye anayetambuliwa kuwa mwenyewe. Yule mteja alikuwa na risiti za M-Pesa alizomlipa fundi, lakini jina si lake. Tulilazimika kuanza upya na jina jingine, na kuwaarifu wateja mmoja mmoja. Tangu hapo sipokei kazi kabla mwenye biashara hajafungua barua pepe yake mwenyewe, akasajili jina kwa jina lake, na nywila akaiandika kwenye daftari linalokaa na hati za kiwanja. Mimi napewa ruhusa ya kuingia, siwi mwenye nyumba.

Nikiwa kwenye usalama, kuna suala la https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome humwandikia mtu kwamba tovuti isiyo na https "si salama". Mteja aliyesikia hadithi za matapeli wa mtandaoni akiona maneno hayo hatumi hata salamu. Cheti cha https kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hukiweka kwa kubofya mara moja. Fundi anayekutoza maelfu kwa hilo peke yake, muulize anatoza nini hasa.

Malipo kwa biashara ndogo hayahitaji makubwa. Watu huja wakitaka tovuti itume ombi la M-Pesa moja kwa moja kwenye simu ya mteja, kama maduka ya Nairobi. Inawezekana, kuna mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo unaoitwa Daraja, lakini unahitaji mtu wa kuuangalia siku ukigoma. Anayeuza vifurushi vichache kwa siku inamtosha nambari ya till, na chini yake jina kamili litakalotokea kwenye simu ya mteja atakapolipa. Hilo la jina ni muhimu. Duka linaitwa hivi, till imesajiliwa kwa jina la mume au la mkwe, mteja anaona jina asilolijua, anasita, anaghairi. Andika tu: "Jina litakalotokea ni hili." Simu za "hii ni nani?" zinapungua siku hiyo hiyo.

Kuhusu mawasiliano nina ukali wa aina yake. Fomu nimezitoa karibu kwenye tovuti zote. Jina, barua pepe, kichwa cha habari, ujumbe: hakuna mtu wa Isiolo anayenunua tangi la maji kwa kujaza fomu, na barua pepe inayopokea fomu ile mwenye duka huifungua mara moja kwa mwezi. Naweka vitufe viwili vinavyobaki chini ya skrini muda wote, Piga na WhatsApp. Cha WhatsApp kinatumia kiungo cha wa.me kikifuatwa na nambari inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sufuri. Ukiiandika 07 kama tulivyozoea hakifanyi kazi, na nimekuta vingi vya hivyo, vimekufa tangu siku ya kwanza bila mtu kujua.

Kiungo hicho kina siri nyingine ndogo: unaweza kukitilia maneno yatakayotokea tayari kwenye simu ya mteja, kwa mfano "Habari, nimeona tovuti yenu, naulizia..." Mteja anamalizia tu. Na mwenye duka anapopokea ujumbe unaoanza hivyo anajua umetoka wapi. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Takwimu za wageni wa tovuti ninaziweka kwa anayezitaka, lakini mama wa nyirinyiri hahitaji kujua watu wangapi walipita. Anahitaji kujua wangapi waliandika, na kati yao wangapi walilipa. Mwisho wa mwezi tunafungua WhatsApp pamoja na kutafuta maneno "nimeona tovuti yenu". Tunasoma yaliyofuata. Swali jipya likijirudia, jibu lake linapandishwa kwenye ukurasa.

Kabla sijakabidhi kazi naijaribu kwa watu. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu na watu watano tu unapata sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Mimi huwapata kirahisi: aliyekuja kuchaji simu, dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, dada wa duka la jirani. Nampa ile simu ya bei ya chini, namwambia, "Tafuta kilo ni bei gani, kisha ujifanye unataka kununua." Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mkono unawasha kumwonyesha. Lakini pale kidole chake kinapozubaa ndipo penye kazi yangu ya kesho. Mzee mmoja aliwahi kubonyeza picha ya nyama mara kadhaa akidhani ndiyo itampeleka kununua. Alikuwa na haki. Sasa picha ile inampeleka.

Wapo ninaowarudisha. Mama wa sukuma wiki anayeuzia majirani zake na kumaliza mzigo kabla ya adhuhuri hana haja nami, na nikimwuzia tovuti nitakuwa nimemnyang'anya mtaji. Kinyozi namsaidia kuweka alama ya ramani na saa za kazi, hapo basi, simtozi zaidi. Tovuti inamfaa yule ambaye mteja wake yuko mbali, anataka kitu chenye maelezo, na ana wa kumlinganisha naye. Lami ilipofika Moyale wateja wa aina hiyo waliongezeka Isiolo. Safari iliyokuwa ya siku kadhaa juu ya lori siku hizi inakwenda kwa basi, na msafiri ana simu mkononi njia nzima. Anachagua pa kulala na pa kununua kabla hajashuka.

Basi wewe mwenye duka, usianze kwa kumtafuta fundi. Chukua karatasi leo jioni, fungua simu yako, andika maswali ya mwisho uliyoulizwa na wateja. Kisha azima simu ya bei ndogo ya mtu wa nyumbani, uifungue tovuti yako humo kwa bando, na utie alama kila swali unaloona limejibiwa bila kuteremka chini sana. Yasiyo na alama ndiyo kazi ya kumpa fundi, na karatasi hiyo ndiyo mkataba. Ukishampa, muulize jambo moja kabla hujamtumia hata shilingi: jina la tovuti limesajiliwa kwa nani. Jibu likiwa si wewe, usilipe.